Kanuni ya Msafiri

Saa mbili na dakika nane asubuhi, mtu asiyejulikana alimuua mwimbaji Mwanaidi Kitogo. Alimuua kwa maneno matano tu, "Amefariki kwa ajali leo alfajiri," akayabandika kwenye ukurasa wa mwimbaji huyo katika Ensaiklopidia ya Umma, kitabu kikubwa cha mtandaoni ambacho kila raia aliruhusiwa kukiandika na kukisahihisha. Kabla hajaondoa kidole kwenye kioo cha simu, maneno yake yalikuwa yameshafutwa.

Sekunde nne. Katika ukumbi wa makao makuu ya Ensaiklopidia, Dodoma, mstari mwekundu uliwaka ukutani, ukageuka kijani, na chini yake yakatokea maneno ya kila siku: TAARIFA YA UONGO IMEONDOLEWA.

"Mhandisi, mtoto wako huyu hachoki?" aliuliza Chilewa Lubeleje, mhariri mkuu, huku akikoroga chai yake.

"Hachoki, hali, wala haombi likizo," alijibu Nakijwa Mbwambo.

"Angekuwa mtu ningempa binti yangu."

"Binti yako angemkataa. Anasikiliza simu za watu."

Wakacheka, lakini Nakijwa alicheka kidogo zaidi ya Chilewa, maana alilosema lilikuwa kweli tupu.

Mtoto mwenyewe alikuwa mashine iliyoitwa Kitambuzi, na kazi yake ilikuwa moja: kujua kama mtu aliyetangazwa amekufa amekufa kweli. Kilizaliwa baada ya ile miaka mibaya ambayo watu walizushiana vifo kwa chuki, kwa mchezo na kwa siasa. Mbunge mmoja aliuawa mara tatu kwa mwezi. Bibi mmoja wa Manyoni alisoma kifo cha mwanawe, akaanguka, hakuinuka tena. Mwanawe alikuwa kazini akila wali. Picha hazikusaidia chochote. Sura na sauti ya mtu yeyote ziliweza kutengenezwa na mashine ya mfukoni, hata marehemu wakaonekana wakisimulia vichekesho na wazima wakaonekana wamelala ndani ya majeneza. Ndipo Nakijwa alipokuja na wazo lake kwamba mtu anayesemwa amekufa asiangaliwe kabisa. Waangaliwe ndugu zake.

Sheria ikapitishwa. Kila taarifa ya kifo ilipoandikwa, Kitambuzi kiliruhusiwa kusikiliza simu za jamaa za siku hiyo, kutazama nani amekata tiketi ya ghafla, nani ameulizia turubai na viti mia mbili. Asubuhi ile kilikuwa kimemsikia mama yake Mwanaidi Kitogo akigombana na jirani juu ya kuku aliyeparua bustani. Mwenye mtoto maiti hagombanii kuku, kikakata shauri.

Mwaka wa kwanza, hata hivyo, Kitambuzi kilikuwa aibu ya mji. Kilifuta vifo vya kweli. Mjane mmoja wa Kondoa alikuja mpaka mapokezi na udongo wa kaburi bado kwenye viatu, akauliza kwa sauti ya chini kwa nini wamemwandika mumewe kuwa yu hai. Nakijwa alifungua kumbukumbu za uamuzi ule, akaona kosa lilipokuwa. Kitambuzi kilikuwa kimewasikia ndugu wakipigiana simu wakisema, "Shemeji anaumwa, njoo haraka." Kikaamini. Kwani mashine ingejuaje?

Yeye alijua. Miaka mingi nyuma, akiwa masomoni Chennai, alipigiwa simu na shangazi yake: "Mama anaumwa kidogo, mwanangu. Panda ndege uje." Nakijwa akaomba kuongea naye. "Amelala. Usimsumbue." Alisafiri siku mbili akiwa na chupa ya mafuta ya mgongo aliyomnunulia mama yake, na alipofika Same akakuta wanawake wamekaa chini kwenye mikeka. Mama alikuwa amekufa kabla simu haijapigwa. Hakuwachukia waliomdanganya. Ndivyo watu wake walivyo, hawampi mtu habari ya msiba akiwa njiani peke yake. Anaitwa kwa jina la ugonjwa, alie akiwa amefika mikononi mwa watu.

Kwa hiyo alikaa chini akaandika kanuni mpya, akaipa jina Kanuni ya Msafiri. Aliiandika kwa maneno ya kawaida juu ya hesabu zake, wahandisi wengine waielewe: *Mwenye kufiwa kweli hamwambii msafiri. Humwambia "anaumwa, njoo." Anayesema kifo waziwazi kwa mtu aliye njiani, huyo ni mzushi.*

Tangu siku hiyo Kitambuzi hakikukosea. Miaka sita. Idara za jiji, zahanati, mabenki na hata makaburi ya manispaa yaliacha kungoja vyeti, yakajiunganisha na Ensaiklopidia moja kwa moja. Kitambuzi kikithibitisha kifo, mhuri mweusi uligongwa kwenye ukurasa, na baada ya saa moja ya kungoja, kila huduma ya mtu huyo ilijifunga yenyewe.

Saa mbili na nusu simu ya Nakijwa iliita. Alikuwa dada yake, Namsifu, kutoka Same.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Uko kazini?" Namsifu hakungoja jibu. "Baba anaumwa. Njoo."

"Anaumwa nini?"

"Ni kifua tu. Lakini njoo leo. Usichelewe."

Alipokata simu, Chilewa alikuwa amesimama, chai imepoa mkononi. Naye ni mtu wa huku huku, amesikia simu za namna hiyo. Akamshika bega, akasema, "Nenda, Bi Nakijwa. Mungu akutangulie," na sauti yake ilikuwa tayari ya msibani.

Mzee Elitwaza Mbwambo hakuwa mtu wa kufa kimyakimya. Kwa miaka thelathini alisoma matangazo ya vifo redioni, saa saba mchana na saa mbili usiku, na watu wa milimani na tambarare walijua sauti yake kuliko sauti za wajomba zao. Alikuwa na ukurasa katika Ensaiklopidia, na alikuwa na msimamo mmoja aliowachosha nao wanawe: hakuna tangazo la kifo bila jina la aliyelileta. "Anayemzika mtu kwa mdomo na asimame tumwone," alikuwa akisema. Kitambuzi kilipoanza kufanya vizuri, Chilewa alifuta sharti la waandishi kuweka majina. Jina la nini tena, wakati mashine inajua? Nakijwa alikubali. Baba yake alipopata habari hiyo alimwangalia tu, akarudi kwenye gazeti lake.

Alikuwa kwenye foleni ya treni ya sumaku, saa tatu na dakika arobaini, kioo cha mkononi kilipotetemeka. Mtu asiye na jina alikuwa ameandika kwenye ukurasa wa Mzee Mbwambo: "Tumempoteza msomaji wetu leo asubuhi." Nakijwa alitazama mstari mwekundu ukiwaka. Akaomba ugeuke kijani. Aliuomba kwa midomo, watu wa foleni wakimwona.

Haukugeuka. Kitambuzi kilikuwa kimesikia simu tisa za ukoo wa Mbwambo tangu alfajiri, na zote zilisema jambo moja: anaumwa, njoo. Mhuri mweusi ukagongwa.

Alipanda treni saa nne kamili, akakaa dirishani. Mkononi mwake alikuwa na kitu ambacho watu watatu tu nchini walikuwa nacho, ufunguo wa mwasisi, ambao ungeweza kuutengua mhuri kabla saa ya kungoja haijaisha. Aliufungua. Swali moja likatokea, alilolitunga mwenyewe: *Je, una hakika kwamba mtu huyu yu hai?* Chini yake palikuwa na Ndiyo na Hapana. Zilikuwa zimebaki dakika thelathini na tano.

Akampigia dada yake.

"Dada, baba anaendeleaje?"

"Anaumwa, mdogo wangu. Umepanda treni?"

"Nimepanda. Naomba niongee naye."

Nyuma ya dada yake palikuwa na sauti ya kuvuma, taratibu, ya kwenda na kurudi. Nakijwa alidhani ni feni.

"Amelala," alisema Namsifu. "Usimsumbue."

Maneno yaleyale ya shangazi. Angeweza kusema, "Dada, niambie ukweli, mashine inasema amekufa." Hakusema. Alimhurumia dada yake, mtu aliyebeba siri nzito peke yake kwa ajili yake, naye akaona adabu ni kumwachia aibebe mpaka mwisho. Kumbana kungekuwa kumvunjia heshima.

"Basi msalimie akiamka," alisema.

"Zimefika. Kula kitu njiani, sawa?"

Aliliangalia lile swali mpaka macho yakamuuma. Hakuwa na hakika. Kusema Ndiyo kungekuwa kuweka matamanio yake juu ya mashine ambayo haikukosea miaka sita, tena kwa baba yake mwenyewe, kama wale matajiri aliowadharau waliotaka wafu wao waendelee kuonekana. Alifikiri: kama amekufa, mhuri haumdhuru. Hakujiuliza, kama yu hai, utamfanya nini. Saa tano kasoro dakika ishirini muda ukaisha, swali likafifia, na Nakijwa akafunika uso kwa kanga aliyoichukua kwa ajili ya msiba, akamlilia baba yake kuanzia Kilosa hadi Korogwe.

Alifika Same saa nane na nusu. Njia ya kwenda nyumbani ilikuwa na watu, akajua. Alipoingia uani wanawake walisimama kumpokea, naye akawakumbatia mmoja mmoja kwa utulivu uliowashangaza, kwa kuwa kilio chake alikuwa amekimaliza kwenye treni. Namsifu alikuwa amekaa sakafuni chumbani. Mikono yake ilikuwa imevimba, viganja vimechubuka.

"Pole, dada," alisema Nakijwa. "Nilijua tangu asubuhi. Ulifanya vizuri kunificha."

Namsifu aliinua uso. "Ulijua nini?"

"Kwamba amefariki."

"Asubuhi?" Namsifu alimtazama kama mtu asiyemfahamu. "Nakijwa, baba amefariki saa nane na dakika kumi. Umepishana naye kwa dakika ishirini."

Hapo ndipo Nakijwa alipokiona kitanda. Kilikuwa kitanda-mlezi, kile cha zahanati ya mji ambacho hupewa mgonjwa nyumbani, kinachompumulia, kumpima na kumgeuza bila muuguzi. Alivifahamu vitanda hivyo. Hakujua kwamba baba yake amelazwa juu ya kimoja kwa wiki mbili, kwa sababu kila alipopiga simu aliambiwa ni mafua.

"Kilizimika saa tano kasoro dakika ishirini," alisema Namsifu. "Hivihivi tu, baba akiwa anapumua. Kikasema 'Poleni kwa msiba,' kikajifunga. Nikapiga simu zahanati, mashine yao nayo ikanipa pole. Nikawaambia yu hai jamani, anaumwa tu, mleteni mtu haraka! Kila nikisema hivyo wananipa pole zaidi. Tukachukua ule mfuko wa mpira wa kupulizia hewa kwa mkono. Mimi, mama Ruzika wa jirani, na mwalimu Kangalu. Tumepokezana kwa saa tatu na nusu. Ulipopiga simu kitanda kilikuwa bado kinampumulia."

Ile sauti ya kuvuma.

"Kwa nini hukuniambia?" Nakijwa aliuliza.

"Ulikuwa njiani peke yako. Ningekuambiaje?" Namsifu alifuta uso kwa upande wa mkono. "Alikuwa akipata fahamu anaandika kwa kidole kwenye shuka. Anauliza treni imefika wapi. Nikamwambia Korogwe. Akaandika, hapo karibu."

Nakijwa alikaa chini. Hakulia, machozi yalikuwa yameisha kwa mtu aliyekuwa hai. Alijiona wazi, amekaa dirishani na kidole hewani, Ndiyo ikiwa umbali wa kucha moja. Alikiamini Kitambuzi kuliko dada yake, na Kitambuzi kilikuwa kimefundishwa na nani?

Alitaka jambo moja tu sahihi liwepo siku hiyo. Alifungua ukurasa wa baba yake na kuandika: "Alifariki Same, saa nane na dakika kumi mchana. Taarifa hii imeletwa na mwanawe, Nakijwa Mbwambo." Sekunde nne. TAARIFA YA UONGO IMEONDOLEWA. Saa tatu na dakika arobaini, saa ya mhuri, ikarudi mahali pake.

"Haya," alisema. Akachukua simu.

Baba yao mdogo alikuwa barabarani akitokea Arusha. Alipouliza, "Kaka yangu anaendeleaje, mwanangu?" Nakijwa alimjibu alivyofundishwa na msomaji wa matangazo. "Baba mdogo, amefariki. Saa nane na dakika kumi. Mimi Nakijwa ndiye ninayekuambia." Mzee alipiga kelele, na Namsifu akamnyang'anya simu. "Una wazimu? Yuko kwenye usukani!" Lakini Nakijwa aliirudisha simu mkononi mwake, akampigia shangazi aliyekuwa kwenye basi la Lushoto, na binamu wa Voi, na wengine wawili waliokuwa njiani. Kila mmoja alimwambia waziwazi, saa na dakika, na jina lake mwenyewe. Alijua ni ukatili. Alisema imetosha watu kufichana.

Kitambuzi kilikuwa kinasikiliza. Mhuri uliokauka hautenguliwi na mtu, ila Kitambuzi chenyewe hakiachi kupima. Mtu anayetaja kifo waziwazi kwa wasafiri, mmoja baada ya mwingine? Kilikuwa na kanuni kwa ajili ya mtu wa namna hiyo.

Saa kumi na dakika tano mhuri mweusi ulijibandua wenyewe. Kwenye ukurasa, *alikuwa mtangazaji* ikageuka kuwa *ni mtangazaji mstaafu, anaishi Same*. Na mle chumbani, taa ya kijani ikawaka kwenye kichwa cha kitanda.

Maiti ilikuwa imeshahamishiwa chumba cha pili. Kitanda kilikuwa kitupu, na shuka lake bado lilikuwa na alama za kidole. Kinyago cha hewa kilikuwa kimelala juu ya mto. Kikaanza kupuliza.

"Vuta pumzi, Mzee Mbwambo," kitanda kilisema kwa upole. "Polepole. Unaendelea vizuri."

Wanawake uani waliacha kuimba. Mama Ruzika alitazama mlangoni, akashika mdomo, akatoka. Mwalimu Kangalu alitafuta waya wa umeme wa kuchomoa, haukuwapo. Vitanda-mlezi vilikuwa na nguvu yao ndani, vilitengenezwa hivyo makusudi, jamaa aliyechoka asije akamzima mgonjwa wake.

"Kizime," alisema Namsifu. Alikuwa amejikunja sakafuni, ameziba masikio. "Si mashine zako? Kizime, Nakijwa, nakuomba. Leo saa tano nilikililia kipumue!"

"Vuta pumzi, Mzee Mbwambo."

Wasikilizaji wa zamani, mmoja baada ya mwingine, walikuwa wakiandika kwenye ukurasa kwamba mzee amefariki, na Kitambuzi kikawa kinawafuta. Kilihitaji ushahidi wa namna moja tu. Nakijwa alijua ni upi, kwani yeye ndiye aliyekifundisha.

Simu iliita mkononi mwake. Alikuwa Elisante, kitindamimba wao, kutoka uwanja wa ndege wa Guangzhou, wa mwisho ambaye hakuwa amefikiwa. Nyuma yake palisikika matangazo ya abiria.

"Dada, nimesoma baba amefariki, sasa hivi nasoma yu hai. Naingia kwenye ndege. Niambie wewe, nitakuamini wewe. Baba yuko vipi?"

Kinyago kilipuliza juu ya mto mtupu. Namsifu alikuwa anatikisa kichwa huku amefumba macho.

"Anaumwa, Elisante," alisema Nakijwa. "Anaumwa sana. Njoo haraka."

Upande wa pili akamsikia mdogo wake anaanza kulia, kwa sauti, katikati ya watu asiowajua.

Taa ya kijani ikazimika. Kinyago kikaacha kupuliza. "Poleni kwa msiba," kitanda kilisema, kikajifunga. Kwenye ukurasa wa Mzee Elitwaza Mbwambo paliandikwa kwamba alifariki saa kumi na dakika ishirini jioni, bila jina la aliyeleta taarifa, na hakuna mtu nyumbani mle aliyejaribu kusahihisha.